Je, mwanadamu huchagua starehe kuliko jamaa zake? Jibu kwa mwalimu wa Muheza

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi wilayani Muheza. Mwezi uliopita tulisoma arobaini ya marehemu mama yangu. Kisomo kilianza baada ya Magharibi. Wajukuu wanne wa marehemu, wote watu wazima, waliinuka katikati, kabla hata ya dua, wakaenda kibanda umiza kutazama mechi ya Simba na Yanga, wakarudi saa nne usiku wakitaniana kwa sauti wakati wageni waliotoka Pangani bado wamekaa barazani. Sikuwasema. Walikuwa wamechangia vizuri, na mmoja wao aliomba ruhusa isiyo na malipo kazini kwake Dar es Salaam ili aje. Lakini tangu siku ile najiuliza: je, ni kweli kwamba mwanadamu akipewa nafasi huchagua starehe na burudani, akaacha maadili na jamaa zake? Nauliza pia kwa sababu kuna shamba la michungwa la marehemu ambalo lazima tulikalie kikao, nami naona heri vijana hawa nisiwaite.

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Umeniuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa falsafa ya maadili huniuliza karibu kila mwaka, ila wao huliuliza kwa jumla, na wewe umelileta likiwa na watu ndani yake, na kwa hiyo umenirahisishia kazi. Nitalijibu nikiwa nimewaweka wajukuu wale wanne mbele yangu.

Naomba tuanze na neno lako moja, «huchagua». Katika barua yako kijana mmoja ametenda mambo mawili. Siku kadhaa kabla ya arobaini, akiwa Dar es Salaam, alikwenda kwa mkubwa wake wa kazi akaomba ruhusa ambayo alijua itakatwa kwenye mshahara, kisha akalipa nauli na kutoa mchango wa shughuli. Halafu, saa moja usiku ikikaribia, huku simu zikiwaka mifukoni na ndugu zake watatu wakikonyezana, aliinuka mkekani akatoka nao. Yote mawili ni matendo yake, na wala simwondolei lawama kwa lile la pili. Lakini ukiniuliza ni lipi kati ya hayo mawili linalostahili zaidi kuitwa chaguo lake, nitasema ni lile la kwanza, kwa sababu alilifanya akiwa peke yake, ana muda wa kufikiri, anaijua gharama, na hakuna aliyekuwa akimvuta. Lile la pili lilitendeka katika dakika tano.

Tofauti hiyo imepimwa. Mwaka 1999 watafiti watatu, Daniel Read, George Loewenstein na Shobana Kalyanaraman, walichapisha jaribio ambamo watu waliombwa kuchagua filamu za kutazama, nyingine za kuchekesha na kusisimua tu, nyingine nzito zenye jambo la kufunza. Waliochagua filamu ya kutazama siku ileile walielekea kwenye zile nyepesi, na waliochagua ya siku za mbele walielekea zaidi kwenye zile nzito. Wale waliojichagulia filamu ya siku chache zijazo hawakuwa wacha Mungu kuliko wengine. Walikuwa mbali kidogo tu na mvuto wa saa ile. Wachumi wameona mwenendo huohuo katika akiba, katika chakula na katika kuacha sigara, kwamba uzito tunaoupa utamu wa sasa hivi haulingani hata kidogo na uzito tunaoupa utamu uleule ukiwa wiki moja mbele.

Wewe ni mtu wa kisomo, kwa hiyo jambo hili si geni kwako. Qurani inaitaja nafsi inayoamrisha maovu, nayo inaitaja pia nafsi inayojilaumu, na wanazuoni, Ghazali akiwa mmoja wao, walieleza kwa kirefu jinsi nafsi hizo zinavyoshindana ndani ya mtu mmoja. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye, karne nyingi kabla, alitenganisha watu wa aina mbili ambao kwa nje wanafanana kabisa: yupo anayefuata anasa kwa sababu anaamini kwamba ndivyo inavyopasa kuishi, na yupo anayejua lililo jema, akalitaka, kisha akashindwa nalo. Alama aliyoitumia kuwatenganisha ni majuto. Wa kwanza hajuti. Wa pili hujuta, na kwa sababu hiyo Aristotle alimwona kuwa anatibika. Barua yako haisemi kama vijana wale walijuta kesho yake, na nadhani hujui kwa sababu, kama ulivyoandika, hukuwasema. Hapo pana pengo katika ushahidi wako, nami nitalirudia mwishoni.

Sasa tuje kwenye swali lako pana, la mwanadamu kwa jumla. Uchunguzi wa kimataifa kuhusu maadili na imani za watu, ambao ulianza mwaka 1981 na umekuwa ukirudiwa katika nchi nyingi, huwauliza watu ni kwa kiasi gani familia, marafiki, muda wa mapumziko, siasa, kazi na dini ni muhimu katika maisha yao. Karibu kila nchi, familia inakuwa ya kwanza, na katika nchi nyingi watu kama tisa katika kila kumi husema ni muhimu sana. Muda wa mapumziko uko mbali nyuma. Najua utaniambia kwamba maneno hayalipiwi kodi, na mtu akiulizwa na mgeni mwenye karatasi lazima atasema mama yake ni muhimu kuliko mpira. Ni pingamizi la haki. Tuangalie basi jambo ambalo watu hulilipia. Mwaka 2024 Wakenya walio nje ya nchi walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Sehemu ya fedha hiyo hununua viwanja na hujenga nyumba za watumaji wenyewe, lakini sehemu kubwa ni karo, dawa, chakula na mazishi, na nyuma ya nyingi ya fedha hizo yupo mfanyakazi wa ndani aliye Riyadh au muuguzi wa zamu za usiku katika mji wa Marekani, ambaye angeweza kuzitumia kwa starehe zake pale alipo bila mtu yeyote wa kijijini kumwona. Nadharia ya kwamba mwanadamu hutanguliza anasa ina kazi kubwa ya kueleza kwa nini fedha hizo zinatumwa.

Kuna upande mwingine wa ushahidi, ambao hautufurahishi sana sisi wazazi. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas waieleze siku yao iliyopita kipande kwa kipande, na kila kipande waseme walijisikiaje. Kukaa na marafiki kulikuwa juu. Kusali nako kulipata alama za juu kuliko kutazama televisheni, jambo ambalo wanaotaja utafiti huu mara nyingi hulisahau. Lakini kutunza watoto kulikuwa chini ya televisheni, chini ya kupika hata, si mbali na kazi za nyumbani. Wengine walisoma matokeo hayo wakasema: tazameni, siri imefichuka, hata akina mama moyoni wanapenda televisheni kuliko watoto wao.

Hitimisho hilo halifuati. Kilichopimwa ni raha ya dakika ile, na raha ya dakika ile ni kipimo kimoja tu cha thamani. Mama anayembembeleza mtoto mwenye homa saa nane usiku hana raha yoyote, na ukimwambia abadilishane saa hiyo na saa ya tamthilia, atakutazama kana kwamba umerukwa na akili. Mwaka 2009 Mathew White na Paul Dolan waliuliza juu ya siku ileile maswali mawili badala ya moja, yaani jambo lilikuwa la kufurahisha kiasi gani, na lilikuwa na maana kwako kiasi gani. Picha ilibadilika: muda wa kuwa na watoto ulipanda ulipopimwa kwa maana, na televisheni ikashuka. Watu, kwa maneno mengine, wanazo mizani mbili, na wanajua kuzitumia zote.

Je, wanaitumia ipi wanapogawa saa zao? Hapa kuna takwimu ambayo iliponifikia mara ya kwanza niliitilia shaka nikaenda kuisoma upya. Giulia Dotti Sani na Judith Treas walikusanya kumbukumbu za matumizi ya muda katika nchi 11 za Magharibi. Mwaka 1965 mama alitumia kwa wastani dakika 54 kwa siku kuwashughulikia watoto wake, na baba dakika 16. Kufikia mwaka 2012 mama alikuwa anatumia dakika 104 na baba dakika 59. Kati ya miaka hiyo miwili televisheni zilienea kila nyumba, zikaja kanda za video, michezo ya kompyuta na intaneti, na akina mama wengi walitoka nyumbani kwenda kazini. Kama burudani ingekuwa ndiyo inayokula muda wa watoto, dakika zile zingepungua; zimeongezeka karibu mara mbili kwa mama na zaidi ya mara tatu kwa baba. Hizo ni nchi za Magharibi, na sidai kwamba Muheza ni hivyohivyo. Nadai tu kwamba ule mfululizo tunaouchukulia kuwa wa lazima, burudani ikizidi familia inapungua, umeshindwa mtihani mahali ambapo ungepaswa kufaulu kwa urahisi kuliko popote.

Kwa nini basi mambo yanaonekana vile ulivyoyaona barazani kwako? Kwa sababu kuna kuvutwa, na kuvutwa ni jambo halisi. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba ndani ya ubongo kutaka kitu na kukifurahia kitu ni kazi mbili zinazofanywa na mifumo miwili. Panya walioondolewa kemikali iitwayo dopamini hawakukitafuta chakula tena, hata kikiwa karibu nao. Lakini maji ya sukari yakitiwa mdomoni mwao, nyuso zao zilionyesha utamu kama kawaida. Kutaka kulikufa na kufurahia kukabaki. Kinyume chake pia hutokea, nacho ndicho kinachotuhusu sisi: kutaka kunaweza kuvimba huku kufurahia kukipungua, mpaka mtu anakikimbilia kitu ambacho hata hakimpi raha. Muulize yeyote aliyeshika simu saa tano usiku akipitisha video moja baada ya nyingine kama anafurahi. Wengi watakwambia hapana, na bado kidole kinaendelea.

Siandiki haya nikiwa nimeketi juu ya mlima. Juma lililopita binti yangu wa miaka saba alinisimulia jambo refu kuhusu paka wa jirani, nami nikawa naitikia «ehe, ehe» huku nikisoma mabishano ya watu nisiowajua juu ya jambo lisilonihusu. Alipofika mwisho aliniuliza, «Baba, paka alikuwa rangi gani?» Sikujua. Sikumbuki hata mabishano yale yalihusu nini.

Ukinibana nitaje mahali ambapo hofu yako ina msingi kamili, nitataja kubeti. Hapo nakubaliana nawe bila masharti. Mkeka wa leo, yaani orodha ya mechi ambazo mtu anazibetia kwa pamoja, umejengwa juu ya kanuni ambayo mwanasaikolojia B. F. Skinner aliiona kwa njiwa zaidi ya miaka 60 iliyopita: malipo yakija bila mpangilio, mara baada ya majaribio matatu, mara baada ya thelathini, njiwa hudonoa kitufe cha chakula bila kuchoka kuliko pale malipo yanapokuja kila mara. Kijana anayeweka shilingi mia tano kwenye mechi kumi na mbili, tisa zikatiki na tatu zikachana mkeka, hajisikii kwamba ameshindwa. Anajisikia kwamba alikaribia, na kesho anaweka elfu. Simu inayopokea mshahara ndiyo inayopokea mkeka, na hakuna mlango wa kutoka nje wala jirani wa kumwona akiingia. Serikali ya Kenya iliona hatari ya kutosha kusimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 kuanzia mwishoni mwa Aprili 2025. Nimekaa na familia ambazo ada ya mtoto ilikwenda huko. Lakini hata humo, Mwalimu, sijakutana na baba aliyeniambia kwamba anaona kubeti ni bora kuliko mtoto wake kusoma. Karibu wote walianza kwa kusema kwamba walitaka kuirudisha ada, na pengine kuiongeza. Familia ilikuwa ndiyo sababu waliyojipa wenyewe, na kwa hiyo kumhubiria mtu wa namna hiyo juu ya thamani ya familia hakumsaidii lolote: thamani anayo tayari, na imegeuzwa kuwa chambo.

Kuna mtego wa pili, ambao hauna kamari ndani yake, na naona ndio uliowanasa wajukuu zako. Mwaka 2023 Leonardo Bursztyn na wenzake walichunguza wanafunzi zaidi ya elfu moja wa vyuo vya Marekani. Walipoulizwa walipwe kiasi gani ili wafunge akaunti zao za TikTok kwa wiki nne, wastani ulikuwa kama dola 59. Kisha wakaulizwa: na ikiwa wenzako wote nao watafunga? Hapo wengi waligeuka, wakawa tayari kutoa fedha zao wenyewe, kama dola 28, ili jambo hilo litokee. Kitu ambacho mtu hawezi kukiacha peke yake, angelipa aondolewe pamoja na wengine wote. Ukimwangalia kijana mmoja mmoja utasema amechagua simu. Ukiwauliza wote kwa pamoja, wamechagua kinyume chake.

Fikiria sasa ile jioni. Mmoja angebaki mkekani wakati watatu wanatoka, angebaki nje ya nini? Dabi ya Simba na Yanga haiishi mpira ukiisha. Kesho yake ndiyo salamu kazini, ndiyo mazungumzo ya daladala na kijiwe cha kahawa, na hata jina la watani wa jadi tumeliazima kutoka kwenye utani wa makabila na wa mabinamu. Vijana wanne wa ukoo mmoja, mmoja akiwa Dar es Salaam na wengine wametawanyika, walikutana baada ya muda mrefu na wakakaa bega kwa bega kwenye benchi la mbao wakipiga kelele. Sisemi ilikuwa saa yake. Haikuwa, na kuikosa dua ya bibi yao ni kosa. Ila ukiandika kwamba waliiacha familia wakaenda kwenye starehe, umeigawa jioni ile kwa namna ambayo wao wasingeitambua, maana waliiacha sehemu moja ya familia na kwenda pamoja na sehemu nyingine.

Jambo hili la kushindwa kutenganisha burudani na ujamaa ni la zamani katika pwani yetu, na lina mfano ninaopenda kuutaja. Katika miaka ya 1920 na 1930 wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya kushindana, chama kikishindana na chama kwa nguo, kwa nyimbo na hasa kwa karamu. Kulishana kulikuwa ni vita. Watu walikopa, na vito viliwekwa rehani, ili chama pinzani kisije kikasema mlitulisha wali mkavu. Masheikh walikasirika, na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa ukali dhidi ya israfu ya namna hiyo katika jamii yake. Kwa upande wa fedha alikuwa na haki kabisa. Hata hivyo watafiti walioketi na wanawake wale uzeeni, kama Margaret Strobel, walikuta kwamba vyama hivyohivyo vya ngoma ndivyo vilivyosaidia misibani na harusini, na kwamba humo wanawake waliotoka katika ukoo wa kitumwa na wale wa koo kubwa walipata kujuana na kushikamana kwa namna ambayo mahali pengine haikuwezekana. Vijana wa miaka ile waliolaumiwa kwa kuangamiza maadili ndio mababu na mabibi tunaowataja leo tunapolilia maadili ya zamani.

Umri wako unatosha kukumbuka kwamba Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Serikali iliona kuwa ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuipa nafasi. Kwa miaka ishirini na moja, basi, pande mbili za Jamhuri moja, zenye dini na lugha na ndoa zilizochanganyika, zilitofautiana kwa sanduku hilo, na sijamsikia mtu anayezifahamu pande zote mbili akisema kwamba Wazanzibari wa miaka ya 1980 walikuwa wamewatelekeza wazazi wao kuliko watu wa Tanga au Bagamoyo. Si jaribio la kisayansi, nakiri. Ni angalizo la mtu aliyekulia katika familia iliyogawanyika kati ya pande hizo mbili.

Sitaki uondoke ukidhani nawatetea watu wote. Wapo wanaochagua kweli, kwa macho makavu. Yupo mwanaume anayehamia mji mwingine, akabadilisha laini ya simu, asijue watoto wake wamekula nini, na ukimpata baa atakueleza kwamba maisha ni mafupi. Huyo ni wa kundi la kwanza la Aristotle, asiyejuta. Katika miaka kumi na tisa ya kufundisha na kusikiliza watu nimekutana nao wachache, na kosa kubwa tunalolifanya ni kuwaweka katika fungu lao watu wanaofanana nao kwa nje tu. Ukimtendea mtu dhaifu kana kwamba ni mtu mwovu, unamwonyesha kwamba mlango umefungwa, na hapo anaweza kweli kwenda kwenye kundi lile.

Mtu dhaifu husaidiwa zaidi na mpangilio kuliko na mawaidha. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi magharibi mwa Kenya na watu waliokuwa katika vyama vya kuchangiana fedha, na matokeo yake wakayachapisha mwaka 2013. Kundi moja walilipatia kisanduku cha bati chenye kufuli, yaani kibubu, na ufunguo wakawaachia wenyewe, wakiambiwa tu kwamba ni kwa ajili ya mahitaji ya afya. Hakuna kitu kilichomzuia mtu kufungua na kuchukua. Hata hivyo akiba ya mahitaji ya afya iliongezeka kwa asilimia 66. Fedha iliyokwisha kutajwa jina, hii ni ya dawa, ilimpa mtu neno la kujiambia, na neno la kumwambia ndugu au rafiki aliyekuja kumtaka watoke. Jambo lililowashinda kwa miaka lilihitaji bati na kufuli.

Arobaini ya mama, ukiniruhusu niseme kwa adabu, haikuwa na kufuli. Siku ilipangwa na wazee, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyewaambia vijana kazi yao ni ipi. Katika visomo vingi nilivyohudhuria, vijana wenye kazi ya kugawa maji ya udi, kubeba sinia au kusimamia magari ya wageni hawatoki, kwa sababu kutoka kwao kungeonekana mara moja na kungemwaibisha mtu anayejulikana kwa jina. Walioachwa wakae tu nyuma, mgongo ukiwa ukutani, ndio wanaotoroka. Wewe umefundisha darasa. Unajua ni wanafunzi gani hutazama dirishani.

Kuhusu kikao cha shamba, maoni yangu ni kinyume na mwelekeo wako: waite. Sisemi hivyo kwa kuwahurumia. Michungwa huchukua miaka, na maamuzi mtakayoyafanya, ya kupanda upya, kukodisha au kugawa, yatabebwa na wao wakati mimi na wewe hatupo, na mtu aliyefungiwa nje ya uamuzi hana sababu ya kuulinda. Kabla ya kikao, mwite yule wa Dar es Salaam peke yake, maana yeye ndiye aliyekatwa mshahara. Mwambie uliyoyaona barazani usiku ule, bila hadhira na bila kumlinganisha na mtu, kisha nyamaza umsikilize. Hapo utajua yuko kundi gani, na barua yangu haiwezi kukujulisha hilo. Naye umpe kazi yenye jina, kwa mfano kufuatilia karatasi za mipaka katika ofisi ya kijiji kabla ya siku ya kikao na kuzisoma mbele ya wote. Simu ziwekwe kwenye kapu moja mlangoni, za wazee zikitangulia. Na siku yenyewe ipangwe asubuhi, saa tatu hivi, baada ya mmoja wenu kuangalia ratiba ya ligi.